Karatasi ya Sheria

Hapa Bujumbura, mwaka wa shule ukianza, mtoto anarudi na karatasi ya sheria. Imeandikwa kwa Kifaransa. Nyumbani kwetu Buyenzi tunaongea Kiswahili, na wazazi wengi wanasaini tu kwa sababu mtoto amesema, "Mama, saini hapa."

Mimi sisaini mpaka binti yangu anisomee mstari kwa mstari kwa Kiswahili: saa ya kufika, inifomu, kuomba ruhusa ukiugua. Mtoto wa jirani alilala na homa siku tatu. Aliporudi shuleni akafukuzwa getini, akaambiwa alete barua ya mzazi. Mama yake hakujua kama kuna barua.

Lakini kuna mambo karatasi haiyasemi. Mageuzi ya 2013 yaliifanya shule ya msingi Burundi kuwa miaka 9, na mwisho wa darasa la tisa kukawa na mtihani wa taifa. Mtoto aliyetoka Kongo Kifaransa anakijua kidogo. Kinachomshinda ni Kirundi, nacho ni somo. Ila Kiswahili pia ni somo, na hapo yeye ndiye fundi. Binti yangu anamfundisha mwenzake Kiswahili, mwenzake anamfundisha Kirundi. Hawalipani kitu.

Wazazi wenzangu, muulizeni mwalimu mapema, msisubiri Juni. Na nyinyi mnaotuhudumia, kabla ya kugawa karatasi, ulizeni kwanza: nyumbani ataisoma nani?