Chale za Bibi

Kompyuta yangu hapa Lukuledi ni kuukuu. Ukifungua GIMP, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi, bado inajikusanya. Ndiyo maana nikajifunza kuhariri picha kwa amri za kuandika, kwenye lile dirisha jeusi lisilo na vitufe, kwa ImageMagick. Mstari mmoja tu, picha mia zinapunguzwa kwa mpigo. Raha iliyoje!

Sasa, humo mna amri mbili zinazokaribiana kazi. Ile ya convert hukutolea nakala mpya. Ile ya mogrify hulibadilisha faili lilelile, wala haikuulizi. Mimi nilitaka picha ndogo za kumtumia shangazi, Newala. Nikaandika mogrify -resize 300 *.jpg, nikabonyeza. Kimya. Nikafurahi.

Kumbe nimezipunguza picha zenyewe, nilizozipiga skani kabla mchwa hawajaimaliza albamu. Nikaikuza ya bibi. Zile chale za shavuni, mistari niliyokuwa nikiipapasa utotoni, zimekuwa ukungu mtupu.

Jioni shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, mbona mama hana nembo?"

Nikasingizia mtandao.