Baiskeli ya Mtoto ni Mbili

Baiskeli ya kwanza tuliyoitoa niliikuta imetundikwa ukutani.

Ilikuwa imepita miezi mitatu tangu tuikabidhi. Nilikuwa nimekwenda Makorora kumwulizia mwanafunzi wangu aliyekosa shule siku mbili. Nikakaribishwa ndani, nikapewa kigoda, na nilipoinua macho nikaiona juu ya mlango wa chumba, imening'inizwa kwa kamba ya katani kwenye msumari mkubwa. Utepe mwekundu niliofunga mwenyewe kwenye usukani ulikuwa palepale. Chini yake, kwenye mkeka, mtoto alikuwa amelala na homa yake, anaiangalia.

“Mwalimu, usije ukaniona sina shukrani,” mama yake alisema baada ya kuona ninakotazama. “Zawadi tumeipokea kwa mikono miwili. Lakini barabara ya hapo nje unaiona mwenyewe. Bodaboda zinapita kama mishale. Nimwache aende peke yake, halafu niletewe habari gani?”

Nilimwambia namwelewa. Sikumwelewa. Nilitoka pale na hasira ambayo leo naona aibu kuitaja, nikihesabu kichwani Jumamosi zote zilizoingia kwenye baiskeli ile.

Jambo lenyewe lilianza mwaka 2021. Mwalimu mwenzangu alikuwa anahama Tanga, akaniachia baiskeli ndogo ambayo mwanawe alikwisha kuipita kimo. Haikuwa na gurudumu la mbele. Nikaipeleka Ngamiani kwa mzee mmoja, fundi mwenye kibanda chini ya mwarobaini, katika mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Akaigeuza juu chini, akazungusha pedeli, akasikiliza. Kisha akauliza, “Unamtengenezea nani?”

Binti yangu alikuwa na yake tayari. Nikajikuta nikimtaja mvulana wa darasa la tatu aliyekuwa akifika shuleni kila siku mstari ukiwa umekwisha kuvunjwa, viatu vimejaa mchanga.

“Basi acha hapa,” mzee akasema. “Lete na nyingine iliyokufa. Moja haijengeki kwa moja.”

Nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp la niliosoma nao sekondari. Watu wana baiskeli mbovu kuliko unavyodhani. Ziko nyuma ya nyumba, juu ya dari, bandani pamoja na kuku. Zilikuja za Kijapani zilizonunuliwa mitumba, zenye kikapu mbele na kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, funguo zilishapotea. Zikaja Phoenix nzee za marehemu baba za watu, zenye breki za fimbo za chuma na magurudumu ya inchi 28 ambayo hayamfai mtoto yeyote, lakini goroli na mnyororo wake bado vina kazi.

Kwa mzee nilijifunza mambo ambayo nilikuwa nimeishi katikati ya baiskeli miaka thelathini bila kuyajua. Kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia, na anayelazimisha huharibu nyuzi za skrubu. Kwamba Phoenix ina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Kwamba tairi haikadiriwi kwa macho, husomwa ubavuni: inchi 16, 20, 24. Na kwamba kitu cha kwanza kukagua kwenye baiskeli ya mtoto ni mkono wa breki, kwa sababu baiskeli nyingi hutengenezwa na watu waliosahau ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kama vidole havifiki, baiskeli haina breki, hata kama raba ni mpya.

Baiskeli ya yule mvulana ilitoka katika tatu. Fremu ya mwalimu mwenzangu, gurudumu la Kijapani, mnyororo wa Phoenix uliokatwa ukafupishwa. Tukaipaka rangi ya bluu. Na sasa ilikuwa pambo juu ya mlango.

Nilifika kwa mzee na malalamiko yangu. “Shikamoo, mzee,” nikasema, na kabla hajamaliza marahaba nikaanza kumwaga: watu hawajali, watu wanapewa kitu na bado.

Aliendelea kuziba pancha. Alisugua tyubu kwa msasa, akapaka solusheni, akaipepea ikauke. Huwa haongei solusheni ikiwa mbichi.

“Mwanangu,” akasema alipokwisha kubandika kiraka, “pale ulipeleka baiskeli ngapi?”

“Moja.”

“Basi umepeleka nusu. Baiskeli ya mtoto ni mbili. Yake, na ya mtu mzima wa kwenda naye.”

Kwa asiyeijua Tanga, lazima niseme kidogo. Mji wetu ni tambarare, na wageni hutushangaa kwa baiskeli. Hutushangaa hasa kwa wanawake: mama aliyevaa baibui, kapu la samaki nyuma, anakata kona na mkono mmoja umekusanya pindo lisiingie kwenye spoku. Hiyo ndiyo Tanga niliyokulia. Lakini bodaboda zimeingia, na mengi yamebadilika. Barabara imekuwa na kasi. Na baiskeli, ambayo zamani ilikuwa ya kila mtu, sasa inasemwa kwa sauti nyingine. Baba mmoja aliniambia waziwazi, mbele ya mwanawe, kwamba yeye hawezi kuonekana barabarani juu ya baiskeli kana kwamba maisha yamemshinda.

Tukaweka sharti. Baiskeli haitoki kibandani mpaka mzazi, au babu, au dada mkubwa, aje Jumapili asubuhi viwanja vya Tangamano aendeshe pamoja na mtoto mara nne. Asiye na baiskeli tunamwazima. Tukawafundisha jinsi ya kukaa barabarani: kwa kuwa kwetu magari hupita kushoto, mtoto anakaa kushoto kabisa, mzazi kulia kwake, nyuma kidogo, ili amwone bila kugeuka na awe yeye aliye karibu na magari. Kwenye makutano wote wanashuka. Mzazi ndiye anayesema “twende”.

Nilidhani sharti lingetukimbizia watu. Baadhi walikimbia kweli. Wapo pia waliokuja mara nne, wakaondoka na baiskeli, wakaiuza. Mmoja aliuza ili alipe dawa za mama yake, na alikuja kuniambia mwenyewe. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole. Lakini wengi waliobaki waliendelea kuja hata baada ya Jumapili ya nne. Niliona baba aliyekuwa dereva wa lori akijifunza upya kupanda, anacheka kama amekunywa. Niliona bibi wa miaka zaidi ya sitini akimpita mjukuu wake kisha akisimama kumsubiri, amejaa kiburi.

Mimi nilikuwa pembeni na daftari, nawawekea watu alama ya vema.

Ni binti yangu aliyeliona. Alikuwa na miaka tisa, na baiskeli yake, nzuri kuliko zote pale, ilikuwa imekaa barazani tangu Ramadhani. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi: subiri, mama ana kazi. Jumapili moja akasimama kando yangu, akaangalia majina daftarini, kidole kikishuka polepole.

“Mama, mimi na wewe tuko ukurasa gani?”

Nikamwambia asinisumbue, watu wanasubiri. Akakaa kwenye ukingo wa uwanja mpaka tulipomaliza. Njiani kurudi, ndani ya bajaji, hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimepanda baiskeli tangu niajiriwe. Nilijisingizia muda. Lakini wiki yangu ya kwanza ya kazi, mzazi mmoja aliniona nikiingia getini na baiskeli akasema kwa upole, “Kumbe mwalimu bado anahangaika hivi?” Kesho yake nikapanda daladala. Neno moja tu la mtu ambaye leo sikumbuki sura yake. Yule baba aliyesema maisha hayajamshinda, nilimhukumu haraka kwa sababu nilimfahamu vizuri mno.

Na mimi ni mtoto wa mwanamke aliyeniendesha kwenye keria mpaka chuoni kila alasiri, juzuu yangu mgongoni. Nilipopata baiskeli yangu, alikaa kulia kwangu. Nakumbuka upepo wa pwani ukilijaza baibui lake mpaka lilikuwa kama pazia jeusi kati yangu na malori. Sikuwa nayaona malori. Nilimwona yeye tu. Nilidhani barabara ni salama, kumbe salama ilikuwa mama.

Baiskeli yake ilikuwa kwa kaka yangu, Duga, inakaa stoo. Alishafariki miaka sita. Mzee aliwahi kuniuliza kama kuna vipuri, nikasema hakuna. Jumatatu ile niliifuata. Tairi zilikuwa zimepasuka, tandiko limeliwa na panya, lakini fremu, ile ya kike isiyo na bomba la juu, ilikuwa nzima. Mzee aliifanyia kazi siku mbili akakataa hela.

Nilirudi Makorora pia. Safari hii sikubeba hotuba. Nilimwuliza mama wa yule mvulana jambo ambalo ningepaswa kumwuliza mwanzo: “Wewe mwenyewe, unajua kuendesha?”

Aliangalia chini. “Sijawahi kukaa juu yake, Mwalimu. Nimekulia kijijini, milimani kule. Baiskeli zilikuwa za wanaume.”

Yeye hukaanga vitumbua tangu saa kumi alfajiri, kwa hiyo Jumapili asubuhi haikuwa yake. Tukakubaliana baada ya magharibi, nyuma ya shule, gizani, asionwe na mtu. Tulimfungulia pedeli zote mbili, tukalishusha tandiko mpaka nyayo zikakaa chini, awe anajisukuma kwa miguu tu, kama tunavyofanya kwa watoto. Mwanawe alishika keria kwa nyuma. Wiki ya kwanza aliichubua goti na akachana dira lake jipya. Wiki ya pili alisukuma mara tatu, akainua miguu, na baiskeli ikaenda naye hatua kama ishirini. Mwanawe alikuwa ameshaachia zamani. Aliposimama hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Pedeli mnanirudishia lini?”

Jumapili iliyopita tulitoka wanne. Mvulana na binti yangu kushoto, sisi wawili kulia. Tumetoa baiskeli 34 mpaka sasa, na naweza kukuonyesha daftarini zipi bado zinatembea na zipi sijui zilipo. Lakini siku ile daftari nililiacha nyumbani.

Karibu na soko bodaboda ilitupita kwa kasi huku ikipiga honi. Mama mvulana alishtuka, usukani ukayumba, akakaza. “Usiogope, Mama,” mwanawe akamwambia bila kugeuka. Binti yangu yeye hakuyumba wala hakuangalia upande ule. Upepo ulikuwa unatoka baharini na baibui langu lilikuwa limejaa. Nilikusanya pindo kwa mkono mmoja, na tulipofika makutano, tukashuka wote. Nikaangalia kulia, kushoto, kulia tena.

“Twende,” nikasema.