Tanzia: Peni ya Mapenzi ya Wafungwa wa Australia

Tunasikitika kutangaza kifo cha peni ya mapenzi, sarafu ya shaba ambayo wafungwa wa Uingereza waliwaachia wapendwa wao kabla ya kusafirishwa Australia. Ilifariki Januari 1868, meli ya Hougoumont ilipotia nanga Fremantle na kuteremsha wafungwa wa mwisho. Usafirishaji ulikuwa umedumu miaka 80 na kuchukua watu zaidi ya 160,000, wanawake wakiwa kama 25,000 tu.

Marehemu alizaliwa gerezani, au ndani ya meli kuukuu zilizogeuzwa magereza juu ya maji. Iliyofaa zaidi ilikuwa peni ya mwaka 1797, pana na nzito, gramu 28. Mfungwa, au mwenzake mwenye mkono mwepesi, aliisugua mpaka uso wa Mfalme George ukafutika. Kisha alishika ncha ya msumari au sindano, akagonga kitone kimoja baada ya kingine mpaka vikawa herufi: jina lake, jina la anayeachwa, mwaka, kifungo. Miaka 7. Miaka 14. Maisha. Pembeni alichora moyo uliochomwa mshale, au ndege, au mtu mwenye minyororo miguuni. Nyingi ziliomba jambo lile lile: usinisahau.

Naililia sarafu hii kwa sababu ilisema yale ambayo daftari la serikali halikuyauliza. Daftari liliandika kosa, kimo, rangi ya macho na makovu. Mtu huyu anapendwa na nani, na anamlilia nani usiku, hilo halikuwa na safu yake. Tena aliyehukumiwa miaka 7 aliaga kama anayekwenda kaburini, maana akimaliza kifungo serikali haikumlipia nauli ya kurudi.

Wachache waliponea chupuchupu. Henry Kable na Susannah Holmes walikutana katika gereza la Norwich, wakapata mtoto humo humo, wakaomba kuoana wakakataliwa. Mwaka 1786 Susannah alipelekwa Plymouth akiwa na kichanga chake, na nahodha wa meli-gereza akagoma kumpokea mtoto. Askari jela aliyewasindikiza, John Simpson, hakukubali yaishie hapo. Alimbeba mtoto huyo kwa gari la farasi mpaka London, akamvizia Lord Sydney, Waziri wa Mambo ya Ndani, mpaka akamkabili. Ruhusa ikatoka kwamba wote watatu wasafiri pamoja. Walifunga ndoa Sydney tarehe 10 Februari 1788, na mwaka huo huo wakamshinda mahakamani nahodha ambaye mzigo wao ulipotelea melini mwake: fidia ya pauni 15, kwa watu ambao sheria ya Uingereza isingewasikiliza kabisa. Simpson anastahili sanamu. Peni ilikuwa ya wale ambao hawakumpata Simpson wao, nao walikuwa maelfu.

Huko koloni mapenzi yalikuwa na mwenyewe, naye ni Gavana. Mfungwa aliyetaka kuoa aliomba kibali, na kama karatasi za meli zilisema ana mke Uingereza, ombi liliweza kutupwa. Katika kiwanda cha wafungwa wanawake cha Parramatta, mwanamume mwenye kibali alifika, wanawake wakaletwa mbele yake, akachagua. Mwanamke aliweza kukataa. Lakini akikataa, alirudi kazini ndani ya kuta zile zile, na wengi hawakukataa.

Na nyumba hizo mpya zilijengwa juu ya ardhi ya Waeora, wenyeji wa eneo la Sydney. Mwaka 1789, mwaka mmoja tu baada ya meli za kwanza kufika, ndui iliwafyeka. Wake na waume waliopoteana katika msiba ule hawakuchorewa chochote na wageni wao, na tanzia yoyote ya koloni hili isiyowataja ina deni.

Marehemu ameacha peni wenzake zaidi ya 300 katika Makumbusho ya Taifa ya Australia, Canberra. Wenye baadhi yake wamejulikana, pamoja na meli zao na makosa yao. Nyingine zina herufi mbili tu na tarehe. Kwa herufi mbili mtu hatafutiki katika orodha ya watu 160,000, na yule aliyeachiwa sarafu, aliyebaki bandarini, hakuandikwa katika orodha yoyote.