Soksi za mikono, na uzi uliobaki ndani

Wengi wenu mnatuuliza sokoni kwa nini wale walimu wa Kimanga hawauzi tena soksi za mikono za watoto, zile zenye mistari ya bluu na manjano. Wengine mmesikia habari nusu. Tumeona heri tuiandike wenyewe, maana hapa Uvira habari nusu hufika Kalundu kabla mwenye habari hajavuka Mulongwe.

Sisi ni walimu watano. Wawili kati yetu tumesoma ISP, wengine wana diploma ya serikali ya pedagojia. Watatu bado ni NU, yaani wanafundisha kila siku na jina lao halijaingia kwenye orodha ya mshahara. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019, wazazi wa shule za msingi za serikali hawatoi tena prime ya mwalimu. Kwa watoto ni jambo jema, hatulikatai. Lakini mwalimu NU anakula chaki? Ndiyo maana Jumamosi mchana tunakutana chini ya mwembe katika parsele ya mmoja wetu, na kila mtu anakuja na uzi wake.

Kufuma kwa sindano mbili kunachukua muda kujifunza, na kati yetu ni mmoja tu aliyekujua. Tukaanza na kifaa cha duara. Tulikitengeneza wenyewe, na tutasema namna yake kwa sababu hakina kosa lolote. Unakata pete ya tuyo ya plastiki, ile ya maji machafu, upana wa vidole vinne. Kando yake unasimamisha spoki za baiskeli zilizokatwa, urefu wa kidole, unazifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu. Vichwa vya spoki unavipinda kidogo kwa nje ili uzi usiruke. Spoki moja zaidi unaipinda ncha yake, ndiyo ndoana.

Hapo hesabu ya darasa la sita ilitusaidia. Tuyo ya milimita 75, ukizidisha kwa 3,14, mzunguko wake ni milimita 235 na kidogo: spoki 24, karibu sentimita moja kati ya moja na nyingine. Hiyo ni ya mkono wa mtu mzima. Tuyo ya milimita 50 inabeba spoki 16, ni ya mtoto. Ya milimita 32 inabeba 10, ni ya kidole gumba. Wanafunzi wetu waliokuwa wanauliza kila mwaka hiyo 3,14 inafaa nini maishani, tuliwaletea zile pete darasani. Walinyamaza siku moja. Siku ya pili wakataka na wao kufuma.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unazungusha uzi kwenye kila spoki mara moja, unafanya duru nzima, kisha duru ya pili juu yake. Kila spoki sasa ina vitanzi viwili. Kwa ndoana unainua kitanzi cha chini, unakipitisha juu ya kile cha juu na kukidondosha nyuma ya spoki. Duru kwa duru, mfuko unashuka katikati ya pete kama utumbo. Cha mtoto hakina gumba: ukifika urefu wa kutosha unapitisha uzi ndani ya vitanzi vyote, unavitoa kwenye spoki, unavuta, mdomo unajifunga kama mfuko wa pesa wa bibi. Cha mtu mzima kinataka akili zaidi. Mahali pa gumba unaacha kuzunguka, unafuma kwenda na kurudi kama duru kumi ili pabaki mpasuko, ndipo unarudia kuzunguka. Baadaye unaokota vitanzi vya ule mpasuko kwenye pete ndogo na kufuma kidole. Gumba la kwanza tulilolifuma lingemtosha kiboko wa Ruzizi.

Uzi tuliupata kwa kufumua masweta ya chaguwa. Sweta lililochoka la soko la Mulongwe linatoa uzi mwingi kuliko mnavyofikiri. Unaufua, unauning'iniza mbichi ukiwa na jiwe chini ili unyooke.

Mtatuuliza, Uvira kwenye joto hili, nani anavaa soksi za mikono? Watu wa moto wanaoondoka alfajiri kwenda Baraka, upepo wa ziwa mikononi, hasa Juni hadi Agosti. Lakini wateja wa kwanza walikuwa watu wa juu. Ukitazama milima ya Mitumba kutoka hapa mjini unaona majani tu. Ukiipanda hadi Bijombo, asubuhi unaona moshi wa pumzi yako mwenyewe. Mama mmoja anayepandisha chumvi na sabuni kule alituomba jozi 40 za watoto wachanga. Arobaini! Tulipika ndagala siku hiyo na tukakula kama wabunge.

Ni sisi tulioleta wazo la mistari. Rangi moja ilionekana ya huzuni, na mama yule alisema yenye rangi mbili itauzika haraka. Kubadilisha rangi kila duru mbili ni kazi ya bure ukikata uzi kila mara, basi hatukuukata. Tuliuacha upande ndani ya mfuko, kutoka mstari hadi mstari. Kwa nje ilipendeza sana. Kwa ndani kulikuwa na nyuzi zilizolegea kama kamba za kuanikia nguo, na juu, pale mdomo unapofungwa, mkia wa uzi tuliukata mrefu tu na kuusukumia ndani.

Mmoja wetu alikuwa na mimba wakati huo. Alijifumia jozi yake kwa mkono wake, kwa mistari tuliyomfundisha. Mtoto alizaliwa salama, msichana. Wiki ya nne akalia usiku kucha. Mama alidhani ni tumbo. Akamnyonyesha, akambeba mgongoni, akamwimbia, mtoto halali. Kulipokucha, mama mkwe alimtoa soksi za mikono ili amnawishe, akapiga kelele. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevimba na rangi yake si rangi ya mtoto. Uzi wa manjano ulikuwa umejizungusha mara mbili kwenye kiungo na kuzama ndani ya ngozi hata hauonekani vizuri. Bibi alijaribu kuuvuta. Ukakaza zaidi.

Walipanda moto hadi kituo cha afya, mama bila kitenge cha pili, na sisi wawili tuliofikiwa na simu tukafuata kwa miguu tukikimbia mbele ya wanafunzi wetu waliokuwa wanaelekea shule. Muuguzi aliukata uzi kwa mkasi mdogo na kibano, polepole, akituamuru tushike taa ya simu na tuache kulia kwa sababu mwanga unatikisika. Nusu saa baadaye kidole kilianza kurudisha rangi. Alitueleza bila kutupigia kelele, na hilo liliuma zaidi: uzi au hata unywele wa mama ukijifunga kwenye kidole cha mtoto, damu haipiti, na ukichelewa ncha ya kidole inaweza kufa. Mtoto hawezi kusema. Analia, na sisi tunampa dawa ya tumbo.

Kisha akatuuliza, soksi za mikono ni za nini? Tukasema, asipate baridi, asijikwaruze uso. Akasema kucha zinakatwa, na joto la mtoto ni kifua cha mama. Huyo wa uzito chini ya kilo 2,5 ndiyo kabisa, awekwe ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza kufanya kule Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 hospitali ilipokosa mashine za kutosha za joto. Kofia inafaa, alisema. Mikono mwachieni, mtoto anaitumia kutafutia ziwa. Tulikuwa walimu watano na hatukuwa tumeuliza mkunga hata mmoja.

Jioni ile mama mkwe alisema maneno. Alisema elimu ya mitandao imeingia mpaka mikononi mwa watoto. Mwenzetu alimjibu kwa heshima: «Mama, nimeifuma mimi.» Akakaa kimya, sisi nasi tukakaa kimya, ingawa kila mmoja alijua mistari ilitoka wapi.

Wakati huo tulikuwa tumekwisha kumkabidhi yule mama mfanyabiashara jozi 31 na pesa tumepokea. Pesa zenyewe zilikuwa zimeingia kwenye likelemba, na zamu ilikuwa ya yule ambaye mtoto wake anangojea Examen d'État. Alikwisha kulipa. Tulibishana chini ya mwembe mpaka kuku wakalala. Mmoja alisema tutume tu maelezo, kila mama ageuze na kukata nyuzi mwenyewe. Mwingine aliuliza, na yule asiyesoma? Na uzi uliokatwa vibaya si unafumuka na kuwa mrefu zaidi? Tulimngojea mwenye mtoto aseme. Alisema: «Zirudi zote. Nitaanza kulipa mimi.» Hakuna aliyekubali aanze yeye. Tuligawana deni sehemu tano, na hadi leo tunalilipa.

Jozi 9 zilizobaki mikononi mwetu tulizifumua usiku uleule. Zile 31, yule mama alitusaidia kuliko tulivyostahili. Alikuwa bado hajauza 18, akazirudisha. Nyingine alizitafuta nyumba kwa nyumba hapa chini, Kasenga hadi Kavimvira, akipata 8. Tano zilikuwa zimepanda mlimani. Tulituma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, Kinyamulenge na Kifuliiru, ukapitishwa simu kwa simu. Tatu tumejibiwa, ziko salama na zimekatwa, mama mmoja alituambia ametia viazi ndani.

Sasa tunafuma kofia, na soksi za mikono za watu wazima zenye gumba. Za mtoto hatufumi, hata mtu akituomba mara tatu. Kwa anayezifuma nyumbani na hataki kuacha: rangi moja tu, mkia wa uzi uupitishe kwa ndoana ndani ya vitanzi mara nne au tano kabla ya kukata, ndani ushone kitambaa laini cha fulana kuukuu, usimlaze mtoto nazo, na usifunge kamba mkononi. Mwenzetu ndiye mkaguzi wetu. Hata kofia ya mzee wa miaka sabini anaigeuza na kuingiza vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Msichana sasa anatambaa. Kidole chake kina alama nyembamba kama pete.

Zimebaki jozi mbili ambazo hatujui ziko wapi. Ni za bluu na manjano, ndogo, duru za rangi mbilimbili, zilipanda kuelekea Bijombo. Ukiziona kwa dada yako, kwa shemeji, kwenye mzigo wa chaguwa au kwa mtu aliyeteremka kutoka juu, tafadhali zigeuze utazame ndani, kisha utuletee chini ya mwembe. Tutakurudishia pesa yake na kukupa kofia.