Panua Mdomo, Sema Aaa

Chini tu ya fuvu kuna pingili mbili zisizofanana na nyingine za shingo. Ya kwanza, atlasi, ni pete iliyobeba fuvu. Hapo ndipo tunapoitikia kwa kichwa. Ya pili, aksisi, ina kidole cha mfupa kilichochomoza ndani ya pete hiyo, nasi tukikataa kwa kichwa, pete huzunguka kidole. Nyuma yake hupita ugwe mgongo.

Nilipoanza kazi ya eksirei huku pwani, kukiona vizuri kidole hicho kutoka mbele kulihitaji msaada wa mgonjwa mwenyewe. Tulimlaza chali. "Baba, panua mdomo, sema aaa." Ulimi ukishuka, tunapiga. Kidevu kikiinama kidogo, meno ya juu yanakiziba kidole. Kikiinuka, kisogo kinakifunika. Na shingo ya majeruhi haigeuzwi ovyo, kwa hiyo tuliinamisha mtambo badala ya mtu. Kisha filamu chumba cha giza: dawa, maji, dawa, maji, halafu kuianika.

Walioletwa wengi walikuwa wakwezi wa minazi. Tuliyemhofia zaidi ni aliyetua kwa utosi, maana uzito wote hushukia kwenye pete, ikapasuka na kutanuka, kama daktari Geoffrey Jefferson alivyoeleza mwaka 1920. Lakini aliyezimia hasemi aaa. Wala aliyevunjika taya, wala mtoto anayelia. Wale tuliowahitajia picha kuliko wote ndio hasa walioshindwa kutusaidia, na jambo hilo liliniuma sana.

CT skani ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Kwetu mashine ilifika nikiwa na mvi. Siku hizi mtu analala kimya, amezimia au hakuzimia, na kwa sekunde chache shingo yote inaonekana, imekatwa upande wowote daktari autakao. Zamani kano inayoshika kidole tuliibashiri tu: tulipima nafasi kati ya pete na kidole kwa picha ya ubavuni, na kwa mtu mzima ikizidi milimita 3 tulishuku imekatika. MRI inaionyesha kano yenyewe, na ugwe mgongo kama umebanwa.

Vijana ninaowafundisha huiona picha ya mdomo wazi ni mambo ya kale. Sikubali. Mkwezi akianguka leo, huenda kituo kilicho karibu naye kina eksirei peke yake.