Kirungu: kutafuta majina ya wafu wetu

Kutoka bandari ya Moba mpaka Kirungu ni kupanda tu. Wabelgiji waliita mji huu Baudouinville, na Mapadri Weupe walianza misheni hapo mwaka 1893. Ni hapo Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo yetu. Habari zake zimeandikwa. Wanawake waliolima na kuzaa hapo, tutawasoma wapi?

Kwetu kifo hutangazwa kanisani, kwa redio na mdomo kwa mdomo. Kilio kikiisha, habari nayo inaisha. Mwenzetu mmoja anaambiwa na ukoo kwamba shamba la marehemu mama yake si lake. Hana hata tarehe ya kifo. Ndiyo sababu tulipanda.

Tuliomba parokiani kitabu cha ubatizo, maana pembeni ya jina huandikwa pia ndoa. Kitabu cha wafu ni kingine. Pelekeni jina la ukoo na la wazazi, kwa sababu akina Maria ni wengi mno! Makaburini misalaba ya mbao imeliwa na mchwa; ya saruji inabaki, yaani ya wenye feza.

Wazee wa kike walitusaidia kupita karatasi. Usiwaulize mwaka. Uliza: alikufa mbele ya uhuru ao nyuma? Nani alikuwa na mimba wakati wa kilio? Mtoto yule ana karatasi ya ubatizo, na ndivyo tulivyopata mwaka wa mama wa mwenzetu: 1974. Kaburi bado.