Hakiumi, Nesi

Sehemu kubwa ya uuguzi wangu niliifanyia katika chumba cha vidonda, na wagonjwa wengi waliopita mikononi mwangu walikuwa na kisukari. "Hakiumi, nesi," waliniambia, wakidhani wananipa habari njema. Mimi ndipo nilipoingiwa na hofu. Kidonda cha mguuni kisichouma ni dalili kwamba sukari imekwisha kuharibu mishipa ya fahamu. Mtu wa namna hiyo hukanyaga msumari, huungua kwa maji ya moto, hata ndala humvuka asijue.

Kila mgeni nilimfumbisha macho, nikamgusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10. Asiyeuhisi nilimwekea alama kwenye faili.

Humo kwenye faili madaktari waliandika iskemia, nekrosi, gangrini. Iskemia ni tishu kukosa damu ya kutosha. Hapo bado ipo nafasi ya kuiokoa. Nekrosi ni tishu iliyokwisha kufa, wala hakuna dawa ya kuifufua. Gangrini, ambayo wengi huiita donda ndugu, ni kifo hicho kikishaenea. Ikiwa kavu, kidole husinyaa na kuwa cheusi kama mkaa. Ikiwa mbichi, mguu huvimba na kunuka, na vijidudu vikiingia kwenye damu huweza kuua kwa siku chache.

Mvuvi mmoja mzee alikataa kutia saini fomu ya kukatwa kidole. Nilivuta stuli nikaketi miguuni pake.

"Baba, tazama. Nikibonyeza hapa, ngozi inafifia, kisha rangi inarudi. Damu inapita. Hapa penye weusi hairudi. Hiki kimekufa, na tukikiacha kitaambukiza vingine."

"Mguu utabaki, mwanangu?"

"Tukiwahi, matumaini ni makubwa."

Alitia saini, na mguu ulibaki. Alichohitaji ni kuonyeshwa kwa macho yake kile kilichoandikwa kwenye faili lake, na hiyo ni haki ya kila mgonjwa.

Nawe uliye na kisukari, kagua nyayo zako kila usiku, hadi katikati ya vidole. Kama macho hayaoni vizuri, mwombe mtu wa nyumbani akutazamie. Ukiona lengelenge, mchubuko au weusi, kesho yake asubuhi nenda hospitali. Usingoje kidonda kianze kuuma.